Uhakiki wa Picha za Mandhari: Kutoka Medali hadi Mazungumzo Mbele ya Picha

Picha ya mandhari humweka mhakiki mahali pagumu kuliko picha nyingine nyingi. Mpigapicha wa studio anaweza kuambiwa amgeuze mteja wake kuelekea dirishani, au abadilishe pazia lililo nyuma yake, na kesho yake akarudia kazi ile ile kwa namna iliyo bora. Lakini mlima hausogei, mto haubadilishi mkondo wake kwa kuombwa, na wingu lililopita halirudi. Kwa sababu hiyo neno la kukosoa linaloelekezwa kwenye mlima wenyewe hupotea bure, na linalobaki kujadiliwa ni yale aliyoyachagua mpigapicha: mahali aliposimama, saa aliyoingoja, lenzi aliyoitumia na kiasi alichoifunga, mipaka aliyoiwekea picha, na uzito wa weusi na weupe alioukubali alipokuwa akiichapa. Historia ya uhakiki wa picha za mandhari kati ya London ya mwaka 1853 na magharibi mwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 ni historia ya jinsi watu walivyojifunza, polepole na kwa ugomvi mwingi, kuyaona machaguo hayo na kuyataja kwa maneno ambayo mwenye picha angeweza kuyafanyia kazi.

Chama cha wapigapicha cha London, ambacho baadaye kilikuja kuitwa Royal Photographic Society, kiliundwa tarehe 20 Januari 1853, na rais wake wa kwanza, Sir Charles Eastlake, alikuwa mchoraji na pia rais wa Royal Academy, taasisi kuu ya wachoraji wa Uingereza. Tangu mwanzo, basi, mizani ya kupimia picha ilikuwa imeazimwa kwa wachoraji. Katika mkutano wa mwanzo wa chama hicho Sir William Newton, aliyekuwa bingwa wa kuchora sura za watu katika vipande vidogo, alisoma mada akishauri kwamba picha inayokusudiwa kumfaa msanii isikazwe sana, yaani lenzi iachwe mbali kidogo na ulengaji kamili ili kila jani na kila jiwe lisionekane peke yake. Wanachama waliojivunia ukali wa picha zao, yaani ule uwazi wa kila ukingo na kila mstari, walimpinga vikali. Mabishano hayo yaliendelea kwa zaidi ya miaka themanini, na ingawa mara nyingi yalikuwa ya kuchosha, yaliacha faida moja kubwa, kwa kuwa yalilazimisha pande zote mbili kukiri kwamba ukali wa picha ni uamuzi wa mtu.

Miaka ile ya mwanzo wahakiki walikuwa na kasoro nyingine ya kuzungumzia, nayo ni anga. Mabamba ya kolodioni, yaani vioo vilivyopakwa ute wenye chumvi za fedha na kutumiwa vikiwa bado vibichi, yalihisi mwanga wa buluu kwa wepesi mno na kuhisi rangi ya kijani kwa uzito, kwa hiyo muda uliotosha kuinasa miti uliliunguza anga likatoka jeupe tupu kama karatasi, na muda uliolifaa anga uliiacha miti ikiwa giza. Elizabeth Eastlake, mke wa rais yule na mwandishi mwenye jicho kali, aliandika mwaka 1857 katika jarida la Quarterly Review makala ndefu iliyolieleza tatizo hili la mwanga na rangi kwa umakini ambao wapigapicha wengi wa siku zake hawakuwa nao. Mfaransa Gustave Le Gray tayari alikuwa ameanza kulitatua kwa vitendo: picha zake za bahari za mwaka 1856 na 1857, ambazo zilipoonyeshwa London ziliwastaajabisha watu, zilikuwa na mawingu yenye umbo na uzito, na baadhi yake zilichapwa kwa negativu mbili, yaani vioo viwili vyenye picha iliyogeuzwa, kimoja cha maji na kingine cha mawingu. Tangu hapo mhakiki angeweza kuuliza swali la maana zaidi kuliko kulalamikia weupe: je, mwanga wa mawingu haya unatoka upande mmoja na mwanga wa bahari hii? Wengi waliomwiga Le Gray bila ustadi wake walishindwa na swali hilo hilo.

Nje ya kumbi za maonyesho, desturi ya kupelekeana picha ilianza kuwaunganisha wapigapicha wa ridhaa, yaani wale wasioishi kwa kazi hiyo. Nchini Marekani kiliundwa mwaka 1861 chama kidogo cha kubadilishana picha kilichowajumuisha Henry T. Anthony na mhandisi Coleman Sellers, na wanachama wake walitumiana kwa posta picha pacha, zile zinazotazamwa kwa chombo maalumu mpaka macho mawili yakaona kina cha mahali. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikivunja baada ya muda mfupi. Hata hivyo wazo lake lilidumu na kuenea pande zote mbili za Atlantiki, kwa sababu lilimpa mpigapicha wa kijijini kitu ambacho maonyesho ya mjini hayakumpa, yaani macho ya watu waliopitia taabu ile ile ya mabamba, dawa na mvua.

Katika maonyesho yenyewe lugha rasmi ya uhakiki ilikuwa medali. Majaji waliteua, wakatoa dhahabu, fedha na shaba, na aliyekosa alirudi nyumbani bila kuambiwa amekosea wapi. Aliyepata naye hakuambiwa amepatia wapi, na pengine hasara hiyo ilikuwa kubwa zaidi, kwa kuwa mshindi alijikuta akirudia picha ile ile mwaka baada ya mwaka kwa hofu ya kupoteza kitu asichokijua.

Ni katika mazingira hayo ambapo ugomvi mkubwa wa kwanza wa uhakiki wa mandhari ulizuka. Upande mmoja alikuwa Henry Peach Robinson, ambaye kitabu chake cha mwaka 1869, Pictorial Effect in Photography, kilikuwa kimewafunza maelfu ya watu kanuni za mpangilio wa picha zilizochukuliwa kutoka kwa wachoraji, na ambaye hakuona aibu kuunga anga la negativu moja na shamba la nyingine na mwanamitindo aliyevishwa nguo za mkulima. Upande wa pili alikuwa Peter Henry Emerson, daktari aliyezaliwa Cuba mwaka 1856, aliyeiacha tiba na kwenda kupiga picha mabwawa na matete ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Mwaka 1886 Emerson na mchoraji T. F. Goodall walitoa Life and Landscape on the Norfolk Broads, kitabu chenye picha 40 zilizochapwa kwa platinamu, madini yanayotoa kijivu laini kisichofifia. Na mwaka 1889 akatoa Naturalistic Photography, ambamo alidai, akitegemea elimu ya macho ya mwanasayansi Hermann von Helmholtz, kwamba jicho la binadamu huona kwa ukali kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na kwamba picha ya kweli yapaswa kuukaza mhimili wa mandhari na kuyaacha mengine yalegee.

Emerson alikuwa mhakiki mwenye elimu na mwenye ulimi mchungu, na ni haki kusema kwamba sifa ya pili iliiharibu ya kwanza. Alipomwandama Robinson hakutofautisha kati ya picha na mtu, na Robinson naye alimjibu kwa ukali ule ule, hata wasomaji wa majarida wakawa wanafuatilia matusi na kuisahau hoja. Lakini mwanafunzi aliyeweza kuvuka kelele hizo alipata jambo la kudumu: Emerson alikuwa amemwambia aende mahali, akae, atazame jinsi ukungu unavyoibadilisha miti ya mbali, ndipo afungue kamera. Kuhusu upokeaji wa uhakiki, Emerson aliacha mfano usio wa kawaida. Mwaka 1890 Ferdinand Hurter na Vero Driffield walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba uhusiano kati ya mwanga uliopokewa na weusi unaotokea kwenye bamba hufuata sheria ya kikemia ambayo mpigapicha hana uhuru mkubwa wa kuibadilisha. Emerson aliusoma, akazungumza pia na msanii mmoja mkubwa ambaye hakumtaja jina, kisha akatoa kijitabu chenye ukingo mweusi wa msiba kutangaza kwamba upigaji picha wa kiuasilia umekufa na kwamba madai yake ya sanaa yalikuwa makosa. Wafuasi wake walishangaa, na huenda alikwenda mbali kupita kiasi, maana sheria ya Hurter na Driffield haikumzuia mtu kuchagua saa ya ukungu. Hata hivyo si mara nyingi katika historia ya fani yoyote mwalimu huitangazia hadharani shule yake kwamba hoja ya mpinzani imemshinda.

Mwaka 1892 kundi la wapigapicha wa Uingereza, akiwamo Robinson, lilijitenga na chama kikuu na kuunda Linked Ring, na maonyesho yao ya mwaka uliofuata hayakutoa medali hata moja. Uamuzi huo ulikuwa na maana kubwa kuliko unavyoonekana. Medali ilipoondoka, majaji walibaki na kazi moja tu ya kuchagua picha za kutundikwa ukutani, na mtazamaji aliyetaka kujua kwa nini picha hii ni nzuri ilimbidi azungumze na mwenzake. Mkondo waliouendeleza uliitwa upiktoria, yaani imani kwamba picha ya kamera ni sanaa na yapaswa kuonyesha mkono na hisia za aliyeitengeneza, na katika mandhari mkondo huo ulipenda ukungu, machweo, maji tulivu na lenzi laini.

Alfred Stieglitz, Mmarekani aliyesomea Ujerumani, aliingia katika historia hii akiwa mpokeaji wa hukumu kabla ya kuwa mtoaji, kwa kuwa zawadi yake ya kwanza ya maana, katika mashindano ya jarida la Amateur Photographer mwaka 1887, alipewa na Emerson mwenyewe. Tarehe 22 Februari 1893 alisimama muda mrefu katika dhoruba ya theluji jijini New York akingoja gari la farasi lifike mahali alipopataka. Alipowaonyesha wenzake wa chama cha wapigapicha cha huko negativu iliyopatikana walimcheka kwa kuwa ilikuwa na ukungu, wakamshauri aitupe. Stieglitz aliipunguza pembeni, akaacha sehemu ya kati tu, na picha hiyo, Winter, Fifth Avenue, ikawa miongoni mwa kazi zake mashuhuri. Wenzake hawakukosea kuhusu ukungu. Walichokosa ni kuuliza picha ilikuwa inataka kuwa nini. Stieglitz alikuja kuwa mhariri wa Camera Notes kuanzia 1897 hadi 1902, kisha wa Camera Work kuanzia 1903 hadi 1917, na katika kurasa hizo waandishi kama Sadakichi Hartmann na Charles Caffin waliandika uhakiki wa picha kwa uzito uliokuwa ukitolewa kwa uchoraji pekee. Mwaka 1904 Hartmann aliwakosoa marafiki wa Stieglitz waziwazi, akitaka picha iliyo nyoofu isiyokwanguliwa wala kupakwa kwa brashi ili ifanane na mchoro.

Mfano ulio bora kupita yote wa uhakiki wa kujenga katika kipindi hiki ulitokea ndani ya ukumbi mdogo wa Stieglitz uliojulikana kwa namba yake, 291, ambako kijana Paul Strand alikuwa akipeleka picha zake mara kwa mara katika miaka iliyotangulia 1915. Strand alitumia lenzi laini kama wenzake wote. Kwa mujibu wa kumbukumbu aliyoisimulia baadaye, Stieglitz alimweleza kwamba lenzi hiyo inavifanya vitu vyote vionekane vimeumbwa kwa kitu kimoja, hivi kwamba majani yanafanana na maji na maji yanafanana na gome la mti, na kwamba kwa kuufuata ulaini huo anapoteza tofauti zinazokifanya kila kitu kiwe chenyewe; akamshauri aifunge zaidi lenzi ile ile aliyokuwa nayo. Ushauri huo unastahili kutazamwa kwa makini. Hakuna neno ndani yake kuhusu kipaji cha Strand. Kasoro imetajwa, sababu yake imeonyeshwa katika chombo kilichoileta, na dawa iko mikononi mwa kijana mwenyewe, haihitaji fedha wala ruhusa. Strand alikwenda akaifanyia kazi, akarudi, na toleo la mwisho la Camera Work, la Juni 1917, likawa limejaa picha zake.

Stieglitz mwenyewe alikuja kukosolewa kwa namna iliyomwuma. Mwaka 1922 mwandishi Waldo Frank alidokeza katika makala kwamba nguvu ya picha za Stieglitz ilitokana na uwezo wake wa kuwateka kimawazo watu aliowapiga. Stieglitz, aliyekuwa na umri wa miaka 58, hakumwandikia Frank waraka wa hasira. Alikwenda nyumbani kwa familia yake kando ya Lake George, katika jimbo la New York, akaielekeza kamera juu na kuanza kupiga picha za mawingu, kwa sababu wingu halina mtu wa kutekwa, liko juu ya kila kichwa, na halitozwi kodi na mtu yeyote. Wasomaji wa ushairi wa Kiswahili wanaijua tabia hii kutoka katika desturi ya kujibizana, ambapo malenga aliyeguswa na beti za mwenzake hamjibu kwa maelezo bali kwa beti zilizo imara zaidi. Mwaka 1923 Stieglitz alieleza katika Amateur Photographer jinsi alivyofikia mawingu hayo, na baadaye akaziita picha hizo Equivalents, akimaanisha kwamba umbo la wingu linaweza kusimama badala ya hali ya moyo. Aliendelea nazo hadi miaka ya 1930, zikapita 200. Hoja ya Frank haikuwa ya haki, lakini bila hoja hiyo upigaji picha wa mandhari ungekosa mojawapo ya misingi yake.

Magharibi mwa Marekani mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Ansel Adams, mpiga piano wa San Francisco aliyevutwa na milima ya Sierra Nevada, alifanya tarehe 10 Aprili 1927 uhakiki wa kazi yake mwenyewe akiwa bado yuko mlimani. Mbele ya ukuta wa mwamba uitwao Half Dome, akiwa na mabamba mawili tu yaliyobaki, alitumia la kwanza kwa kichujio cha manjano, yaani kioo cha rangi kinachowekwa mbele ya lenzi ili kubadilisha uzito wa rangi katika picha. Kisha akatambua kwamba anga litatoka jepesi na mwamba utapoteza utisho wake, akaweka kichujio chekundu kizito kwa bamba la mwisho. Mwaka 1930 alikutana na Strand huko Taos, New Mexico, na kuziona negativu zake. Tukio hilo, kwa maelezo yake, ndilo lililomfanya auache muziki na kuishika kamera kama kazi ya maisha.

Mwaka 1931 Adams alikuwa akiandika uhakiki katika jarida dogo la San Francisco liitwalo The Fortnightly, na mmoja wa aliowahakiki alikuwa Edward Weston, mtu aliyemzidi umri kwa miaka 16 na sifa kwa mbali. Adams aliisifu kazi ya Weston kwa dhati, lakini alionyesha kwamba picha za mawe na miti zilikuwa na nguvu kuliko zile za mboga, ambazo aliona zina dalili ya kulazimishwa maana. Weston alimjibu kwa barua mwanzoni mwa 1932, akimshukuru kwa kuandika kwa uangalifu kisha akizitetea pilipili na kabichi zake hoja kwa hoja. Kabla mwaka huo haujaisha wote wawili walikuwa ndani ya kundi moja, Group f/64, pamoja na Imogen Cunningham, Willard Van Dyke na wengine, na maonyesho yao katika jumba la makumbusho la de Young yalifunguliwa tarehe 15 Novemba 1932. Jina la kundi ni kipimo cha kitundu cha lenzi kilichofungwa kabisa, ambacho hukaza kila kitu kuanzia kokoto iliyo miguuni hadi kilele cha mbali. Heshima waliyopeana Adams na Weston hawakuweza kuwapa watu wa nje ya kundi, hasa William Mortensen, mtetezi wa upiktoria waliyebishana naye katika jarida la Camera Craft kwa lugha iliyokosa staha. Na matokeo yake ni kwamba kwa miongo kadhaa wanahistoria waliokuwa marafiki wa f/64 waliliacha jina la Mortensen nje ya vitabu vyao.

Mwaka 1933 Adams alimpelekea Stieglitz mkoba wa picha zake katika ukumbi wake mpya, An American Place. Mzee alizipitia zote kimya, akazirudia tena kuanzia ya kwanza, huku kijana akiwa ameketi juu ya bomba la kupashia chumba joto kwa kukosa kiti, na baada ya hapo akazisifu sana. Miaka mitatu baadaye akamwandalia maonyesho. Kuzipitia picha mara mbili ni jambo dogo, lakini lina mafunzo yake: picha ya mandhari haitoi yote kwa mtazamo wa kwanza, na mhakiki anayesema kabla ya mzunguko wa pili mara nyingi huzungumzia mahali, kwa sababu bado hajaiona picha.

Hatua iliyobadilisha lugha yenyewe ya uhakiki ilikuja karibu na mwaka 1940, Adams na Fred Archer walipokuwa wakifundisha katika Art Center School ya Los Angeles na kuunda mfumo wa zoni. Mfumo huu huugawa mwanga wote wa picha katika ngazi 11, kuanzia sifuri ambayo ni weusi usio na kitu ndani yake, kupitia ya tano ambayo ni kijivu cha katikati, hadi ya kumi ambayo ni weupe wa karatasi tupu. Mpigapicha hupima sehemu mbalimbali za mandhari, akaamua kivuli fulani kiangukie ngazi gani, kisha akapanga muda wa mwanga na muda wa kusafisha filamu kulingana na uamuzi huo. Vitabu vingi huueleza mfumo huu kama ufundi wa kupima mwanga, na ndivyo ulivyo, lakini kwa historia ya uhakiki ulikuwa ni msamiati. Zamani mtu alisema picha ni nzito, au ni baridi, au haina uhai, na mwenye picha akaondoka na uchungu bila maarifa. Sasa angeweza kuambiwa kwamba kivuli cha chini ya mwamba kimeangukia zoni ya kwanza ilhali kingehitaji ya tatu ili mawe yaonekane, na mwenye picha akaelewa alipaswa kufanya nini pale bondeni na anachoweza bado kufanya katika chumba cha giza. Adams alianzisha baada ya vita idara ya picha katika California School of Fine Arts, San Francisco, na kuanzia 1955 akaendesha kila mwaka katika bonde la Yosemite warsha ambamo wanafunzi walileta kazi zao zikatazamwa mbele ya wote. Msamiati huo ulikuwa na hatari yake pia. Wanafunzi wengi walizipanga zoni zao bila kosa na wakatoka na picha zilizo sahihi kabisa zisizo na sababu ya kuwapo.

Hatari hiyo aliiona mapema Minor White, aliyeanza kufundisha katika shule hiyo ya San Francisco mwaka 1946, muda mfupi baada ya kuzungumza na Stieglitz huko New York. White aliufundisha mfumo wa zoni kwa bidii, lakini kwake swali la mhakiki lilianzia pengine: picha hii inamfanyia nini anayeitazama? Mwaka 1952 yeye, Adams, Dorothea Lange, Barbara Morgan, Beaumont na Nancy Newhall na wenzao walianzisha jarida la Aperture, na White akawa mhariri wake hadi 1975. Katika kurasa hizo, na katika madarasa yake huko Rochester na baadaye Massachusetts Institute of Technology, aliendeleza kile alichokiita kuisoma picha. Wanafunzi waliketi kwa utulivu, wakafumba macho, wakaitazama picha moja kwa dakika nyingi bila kunena, kisha kila mmoja akaeleza alichopitia kabla ya kuruhusiwa kusema kama ameipenda. Mwenye picha hakutakiwa kujitetea, alisikiliza.

Wapo waliouona utaratibu huu kama ibada kuliko elimu, na ni kweli kwamba White, aliyevutwa na mafunzo ya Zen na ya mwalimu wa kiroho Gurdjieff, wakati mwingine aliliacha darasa likielea katika maneno yasiyo na mshiko. Hata hivyo alikuwa amerekebisha dosari ya kale. Tangu siku za Newton mhakiki alikuwa amezoea kuanza na hukumu na kuitafutia sababu baadaye. White aliigeuza safu hiyo, maelezo yakatangulia na hukumu ikafuata, na mpigapicha akapata taarifa ambayo hawezi kujipatia mwenyewe kwa kuwa yeye alikuwapo mahali pale: kwamba upepo alioukumbuka haumo katika picha, au kwamba upweke ambao hakuukusudia umejaa humo. Kumbukumbu ya safari humlaghai kila mpigapicha wa mandhari, na hakuna awezaye kuitenganisha na karatasi isipokuwa mtu ambaye hakusafiri.

Swali jingine, lile la mambo yaliyoachwa nje ya fremu, lilikuwa limenong'onwa tangu miaka ya 1930, kwa maneno yanayohusishwa na mpigapicha Mfaransa Henri Cartier-Bresson, aliyeshangaa kwamba ulimwengu unabomoka ilhali Adams na Weston wanapiga picha za mawe. Lilipata jibu la picha mwezi Oktoba 1975, William Jenkins alipoandaa katika jumba la George Eastman House, Rochester, maonyesho yaitwayo New Topographics. Robert Adams, Lewis Baltz, Frank Gohlke, Joe Deal, Stephen Shore, Bernd na Hilla Becher na wengine, jumla yao kumi, walileta nyumba mpya za kufanana, maegesho ya magari, kuta za viwanda na matuta ya udongo uliochimbwa, kwa mwanga wa kawaida na bila mawingu ya kuvutia. Watazamaji wengi walichukizwa au waliona hakuna cha kutazama. Picha hizo zilikuwa uhakiki wa wazi wa zile za Yosemite, zikiuliza barabara ya kufikia bonde imekwenda wapi, na zilifanya hivyo bila kumdharau Ansel Adams: Robert Adams, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza huko Colorado kabla ya kushika kamera, alitoa mwaka 1981 kitabu cha insha kiitwacho Beauty in Photography, ambamo uzuri unatetewa kama lengo halali na ambamo insha nzima imetengwa kwa ajili ya uungwana katika uhakiki.

Kazi iliyoyaunganisha maswali hayo yote ilikuwa ikifanyika wakati huo huo jangwani. Kati ya 1977 na 1979 Mark Klett, Ellen Manchester, JoAnn Verburg na wenzao waliendesha mradi wa kuzirudia picha za karne ya 19 zilizopigwa na Timothy O'Sullivan, William Henry Jackson na wengine waliofuatana na misafara ya serikali ya Marekani ya kupima ardhi ya magharibi. Kwa kila picha walitafuta mahali hasa ilipowekwa kamera ya kwanza, wakalinganisha pembe za miamba na urefu wa vivuli, wakangoja majira yale yale ya mwaka na saa ile ile ya siku, kisha wakapiga. Mwaka 1978, kwenye miamba iitwayo Witches Rocks katika bonde la Weber, jimbo la Utah, iligundulika kwamba picha ya O'Sullivan ya mwaka 1869, iliyoonyesha ardhi kana kwamba imepinda kwa ajabu, ilipigwa kamera ikiwa imeinamishwa upande. Mstari wa upeo ulipowekwa sawa, miamba ilitulia. O'Sullivan alikuwa amefariki mwaka 1882 na hakuweza kujibu, lakini chaguo lake sasa lilionekana kama chaguo, na matokeo ya mradi yalipochapishwa mwaka 1984 katika kitabu Second View, picha hizo mbili ziliwekwa karibu karibu, ya mwaka 1869 na ya mwaka 1978, ili msomaji azilinganishe mwenyewe.